Lori Namba Saba Nyumbani kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Yamenikuta. Meneja kaleta mtambo wa kufuatilia malori. Kila lori limefungwa kidude, ukubwa wa kipande cha sabuni, na ofisini kuna skrini inayoonyesha lilipo. Miaka kumi na tisa skrini ni mimi! Nampigia dereva, naandika ubaoni yuko wapi. Mtambo utajaribiwa wiki moja. Ukifaulu, ubao unashushwa. Nikauliza, na mwenye ubao je? Meneja akajifanya anasoma barua.

Jumanne, 4 Machi

Mtaalamu wa mtambo ni dada mmoja mpole mno. Ananiita mzee wangu. Nina arobaini na nane! Leo kanionyesha lori namba tatu limeegeshwa mtoni. Kumpigia dereva, anaoga. Ubao wangu ulisema yuko njiani. Nilifuta haraka kwa kiwiko. Lazima mtambo uonekane mwongo.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata mbinu! Lori namba saba lilikuwa linaondoka na sukari. Nikajipenyeza ndani, nikachomoa kidude. Kina betri yake, taa yake bado inawaka na kuzima. Nikakitia kwenye mfuko wangu wa chakula. Skrini itasema lori liko huku, kumbe liko kule!

Jioni Mama Watoto akanituma nimpelekee mama yake dawa. Mama mkwe akanisema kwa kukonda. Kwa wasiwasi wangu nikausahau mfuko juu ya kabati lake la vyombo.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Nimefika ofisini, wote wameizunguka skrini. Lori zima la sukari limelala kwenye uchochoro usiopitisha hata mkokoteni. Nikapaza sauti: mnaona, mtambo mwongo! Ubao unasema liko barabara kuu. Meneja akauliza niliongea na dereva saa ngapi. Jamani. Simu yake haipatikani tangu jana, nilikisia tu.

Meneja akasema basi lori limeibiwa. Akaita polisi. Nilitaka kukiri, nikaishia kupangusa ubao. Polisi wanne wakafuata skrini mpaka kwa mama mkwe, wakamwamuru atoe sukari. Maskini, akawaletea kopo. Kisha wakaukuta mfuko. Una jina langu. Mama Watoto aliliandika kwa mkono wake.

Ijumaa, 7 Machi

Lori limefika salama. Simu ya dereva iliishiwa chaji tu. Meneja anausifu mtambo: umewafikisha mpaka kabatini! Ubao umeshushwa. Mama Watoto ananisemesha kupitia watoto. Mama mkwe hataki hata kusikia jina langu.

Barua ya kunifukuza ilikuwa tayari. Nikalia mbele ya Meneja, sioni haya kusema. Watoto watatu, niende wapi? Yule dada mtaalamu ndiye aliyeniombea. Nimehamishiwa getini, kusajili malori kwenye kishikwambi, kikompyuta cha kushika mkononi. Meneja kasema kosa moja tu, narudi nyumbani moja kwa moja. Nimeapa kwa watoto wangu kwamba nimekoma.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya kwanza getini. Kazi ni kubonyeza mara mbili tu. Rahisi mno, na hilo ndilo linalonikosesha raha. Wiki ijayo si wataona kishikwambi kinajiweza chenyewe?

Ila nimechunguza. Chaji ikiisha, hakuna lori linalotoka mpaka mtu aandike kwa mkono. Soketi ni moja tu, iko nyuma ya kiti changu. Nimeshanunua daftari na kalamu mbili.