Kiti Kilichozeeshwa na Daktari wa Mbao

Watu wengi duniani wanakula kwa kutengeneza viti. Mkwe wangu peke yake ndiye aliyeamua kula kwa kuviharibu!

Huyu ni mume wa binti yangu wa mwisho. Alikuwa anauza rangi kwenye duka la tajiri mmoja. Akaona video kwenye simu, kesho yake akamwambia tajiri kwamba kichwa kama chake hakikai nyuma ya kaunta. Akarudi nyumbani na brashi, kopo la rangi nyeupe na jina jipya: Daktari wa Mbao.

Ugonjwa aliokuwa anautibu ni upya. Eti siku hizi wenye pesa hawataki kiti kinachong'aa, wanataka kilichochubuka rangi, kionekane kimekaliwa na mababu. Nikamuuliza mbona mimi nimechubuka siku nyingi na hakuna aliyeniulizia bei.

"Mama, huu ni utaalamu," akasema. "Wewe umezeeka tu. Kiti kinazeeshwa."

Nikamkazia macho. Nikikaza macho mimi, mwenye akili anaogopa. Yeye akapiga mluzi.

Mteja akapatikana, bwana mmoja mnene anayefungua mgahawa. Akasema atakuja kuona kiti cha mfano, na akikipenda, viti vya ukumbi mzima ni kazi ya Daktari. Binti yangu alisali. Sukari alikuwa ameshaanza kuificha, maana pesa ya kununua nyingine haikuwepo.

Daktari akaleta kiti kipya kutoka kwa seremala, akachukua mshumaa, akaanza kukisugua. Penye nta rangi haishiki, kwa hiyo ukipitisha msasa inabanduka na mbao inachungulia. Simu ilisema asugue kingo na kona tu. Niliisikia, maana simu yake inapiga kelele kuliko redio. Lakini Daktari alisema dozi haitolewi nusu. Akasugua kiti chote, makalio, mgongo, mpaka miguu!

Akapaka rangi, ikakauka, akapitisha msasa kwa madaha kama anayemnyoa mfalme. Mke wake akamwomba apake vanishi juu ili rangi ishikwe. Akakataa. Vanishi inang'aa, na kinachong'aa ni kipya.

Kusema haki, kilipendeza. Ungedhani kimepita vita viwili na talaka tatu.

Siku ya mteja, Daktari alinisihi nikae chumba cha ndani, mgeni asije akadhani nyumba ina vitu chakavu. Mimi! Nikachukua kigoda changu nikakaa mlangoni kabisa, mguu mmoja nje.

Kiti alikitoa uani, juani, kionekane vizuri. Kikakaa kwenye jua tangu asubuhi. Mteja akafika na suti nyeusi, maana akitoka hapo alikuwa anakwenda kusimamia harusi ya mdogo wake. Akakizunguka kiti, akakishangaa, akauliza kina umri gani. Daktari akajibu kwamba vitu kama hivi havina umri, vina historia.

"Basi ngoja niikalie hiyo historia," mteja akasema, akajitupa.

Akaegemea, akajinyoosha, akatikisa mabega. Akasema kazi ni yako, fundi, viti vyote. Daktari akanitazama kama jemadari aliyeteka mji. Mteja akainuka ampe mkono.

Akainuka na rangi yote!

Nta ilikuwa imelainika juani, na suti ikaizoa rangi kuanzia mabega mpaka nyuma ya magoti, vipande vipande. Binti yangu akakimbilia kumpangusa, na kila alipopangusa nta ilizidi kuzama kwenye kitambaa.

Mteja akageuka kukitazama kiti. Mbao safi, tupu, hata alama za penseli za seremala zinasomeka.

"Hiki kipya," akasema taratibu. "Vipya najua kununua mwenyewe."

Akaondoka, na kazi ya viti vya ukumbi mzima ikaondoka naye. Sisi tukabaki tunautazama mgongo wake ukitoka getini, umechubuka vizuri ajabu, kila ufa mahali pake.

"Kazi safi, baba," nikamwambia mkwe wangu. "Ila umemzeesha mteja."