Karantini ya Mbwa Wasiobweka

Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, ambaye hakuweza kufika lakini kiti chake kimefika. Waheshimiwa machifu, wasaidizi wa machifu na wasaidizi wa wasaidizi. Mapadri na wachungaji mliokubali leo kukaa benchi moja. Wafanyabiashara wa kahawa wenye mizani ya kweli na wenye mizani ya kawaida. Nanyi wananchi wa Kihanga na Kiruruma, mliokuja kukaa juani kwa hiari yenu baada ya kuitwa na polisi. (Makofi kutoka kivulini.)

Mimi, Placidius Rwezaura, mwana wa Muleba, niliyesoma hadi darasa la nane na kubakizwa humo miaka miwili kwa jinsi walimu walivyonipenda, Inspekta Mkuu wa Mbwa Wasafirio, nimesimama hapa mwaka huu wa 1953, mwaka wa skimu na maendeleo, kufungua rasmi, kwa mdomo, Stesheni ya Karantini ya Mbwa ya Murongo, ambayo ingawa iko Murongo, ukingoni mwa mto Kagera, tunaifungulia hapa Kihanga, ili kuwaondolea taabu ya kwenda kuitazama.

Kwa miaka mingi mbwa wa nchi hii amevuka mto Kagera kuingia Uganda kama mhuni: hana pasi, hana permiti, hana hata haya, anaruka mtumbwini nyuma ya mwindaji, anawinda na shemeji za bwana wake kule Ankole, anarudi ameshiba. Huo ni ustaarabu? (Sauti: "Ndiyo!" Polisi anageuka kuitafuta.) Uingereza, ndugu zangu, ambako sijafika lakini nimesimuliwa, mbwa akitoka nchi za nje hufungiwa miezi sita, hata akiwa mbwa wa lodi. Na huko wako mbwa wa nasaba! Yuko mwenye miguu mifupi kama ya kigoda, tumbo lake linafagia sakafu; yuko mwenye manyoya ya kondoo, hapewi chakula mpaka kinyozi amalize; na yuko aliyekunjamana uso kama mzee aliyenyimwa pombe yake ya rubisi, naye ndiye ghali kuliko wote. Nikajiuliza: sisi Karagwe, nasaba yetu iko wapi?

Ndipo Komiti yangu, ambayo mwenyekiti ni mimi, katibu ni mimi, na mpinzani ni shemeji yangu, ikatunga Kanuni za Mbwa Msafiri. Mbwa aendaye ng'ambo awe na picha ya uso, jina la babu yake mzaa mama, na barua ya mwenendo mwema kutoka kanisani. Kisha abweke mara tatu mbele ya Inspekta, kuthibitisha kwamba mapafu yake ni mazima. (Kicheko kirefu. Wazee wanashikana mabega wasianguke.) Mnacheka nini?

(Kashaija, mwindaji wa Kihanga, anasimama: "Waitu, mheshimiwa, mbwa wetu wa kuwindia habweki. Hata babu yake huyo mnayetafuta jina lake hakubweka. Tunamfunga njuga shingoni ili tujue yuko wapi porini. Kila aliyekula nyama ya msituni hapa analijua hilo.")

Asante, Kashaija, nilikuwa nalifikia, maana jambo hilo nimeligundua mimi. Mbwa wote waliletwa mbele yangu, wote wakanitazama, wote wakanyamaza. Nikaandika katika ripoti kwamba ama nchi nzima inaugua, ama tunayo nasaba iliyo adimu kuliko zote duniani, na kwa uzalendo nikachagua la pili. Sasa kitu kikishakuwa adimu si cha mwenye nacho tena, ni cha Serikali. Kwa hiyo nikawachukua, wakaenda karantini, kwa faida yenu.

(Kemigisha, mjane wa Kiruruma: "Faida ipi, baba? Mahindi yamekomaa, na nguruwe mwitu wanaingia shambani kwangu kama walioalikwa harusini. Nilikuwa na mbwa mmoja tu. Usiponirudishia kabla shamba halijaisha, wanangu watakula nini? Hotuba?")

Mama Kemigisha, nauheshimu uchungu wako, lakini jifunze kutazama mbali. Takwimu zangu zinaonyesha kwamba tangu mbwa waondoke, hasara ya nguruwe imepanda kwa asilimia mia mbili na kumi, jambo linalothibitisha jinsi mbwa wetu walivyo na thamani kubwa, na jinsi tulivyofanya vyema kuwahifadhi. (Makofi kutoka kivulini.)

(Kashaija: "Mimi nimetoka Murongo juzi. Nimezunguka ukingo wote wa mto, na—")

Kaa chini! Matembezi yako hayamo katika ajenda. Stesheni yetu ni ya kisasa: kila mbwa na chumba chake, kila chumba na dirisha, asubuhi maziwa, mchana nyama, jioni anapigwa brashi. (Bibi Auleria, mmoja wa walioketi juani: "Nipeleke na mimi karantini!" Kicheko.) Na sasa sote kwa sauti moja! Mbwa bila cheti! (Kivulini: "Ni mhuni!") Nasaba ya Karagwe! (Kivulini: "Juu!" Kemigisha anajifunga kanga kiunoni.)

Kwa hayo machache, natoa shukrani. Namshukuru Daktari wa Mifugo kwa ushauri ambao angetupa kama angekuwa ameteuliwa. Namshukuru fundi Melkiory kwa stesheni aliyotujengea, ambayo ataanza kuijenga tukishapata kiwanja. Namshukuru yule mgeni Mzungu mwenye lori, aliyewapakia mbwa wote siku ile ile walipokusanywa, akaenda nao asikokutaja, na kwa wema wake akanivisha saa hii ya mkononi. Kemigisha, unakwenda wapi na rungu? Nguruwe watakungoja, nakaribia mwisho. Zaidi ya wote nawashukuru ninyi wananchi, kwani nimeshawaandikia wakubwa kwamba Kanuni zimefaulu kabisa: tangu zitungwe, hakuna mbwa hata mmoja wa Kihanga wala Kiruruma aliyekwenda Uganda bila cheti, maana Kihanga na Kiruruma hakuna tena mbwa.