Mgomo Wetu Ulivyofika Kengeja

Jamani, leo nimeadhirika.

Sisi makonda wa gari za Kengeja tuligoma asubuhi. Ndio tunaopanda paani kufunga ndizi na muhogo huku gari inakwenda. Ukianguka unaambiwa "pole". Mimi nilianguka kabla ya Ramadhani, nikakaa na plasta mkononi wiki tatu bila malipo. Tunataka hatari hii ilipwe, na anayeumia aangaliwe.

Mwenye gari yetu, Mzee Shaame, alikuja stendi ya Chake kutusikiliza. Wenzangu wakanisukuma mimi niseme. (Shule sikufika mbali, lakini najiona kabisa siku moja nahutubia Baraza la Wawakilishi.) Nikapanda juu ya paa nionekane. Dereva wetu, Bwana Faki, kainamia usukani, kasinzia. Abiria wamo ndani.

"Gari haiendi, bibi zangu," nikawaambia.

"Sisi twakaa kivulini tu," akajibu Bi Mize.

Nikaanza. "Mzee Shaame, kwa heshima yako. Kuanzia leo hakuna konda atakayekaa paani gari ikitembea. Hakuna!" Kutilia mkazo, nikapiga bodi makofi mawili.

(Konda akipiga mawili, dereva huondoka. Bwana Faki ana miaka ishirini haulizi kwa nini.)

Gari ikaondoka.

Nikajitupa kifudifudi, nikakumbatia tairi la akiba. Kofi moja ndiyo simama, najua. Lakini kwa woga mkono ulipiga wenyewe, pa-pa-pa-pa, na Bwana Faki akaongeza mwendo. Nyuma yangu wagomaji wenzangu wanakimbia, makoti yakipepea.

"Kombo mwanangu," Bi Mize akaniita kutoka ndani, "mgomo wenu mzuri. Upepo unaingia."

Bi Mize alipofika kwao Kengeja, akapiga kofi moja mwenyewe, tukasimama. Bwana Faki akashuka, akatazama juu.

"Kombo, weye si umegoma? Wafanya nini huko?"

"Nateremsha ndizi za Bi Mize," nikasema. Kweli nikaziteremsha. Ningemwachaje bibi wa watu?

Simu ikalia. Mzee Shaame.

"Umo mzima?"

"Nimo, Mzee."

"Sikujua kama kule juu mko vile. Njooni alasiri, wote, tuzungumze hayo malipo."

Hakuahidi kitu, lakini sauti ilikuwa ya mtu aliyetishika. Wenzangu sasa wananiita Mheshimiwa wa Paani. Na wewe unayecheka hapo, paa liko wazi, panda.