Mashtaka Yangu Dhidi ya Bi Benedikta

Jumatatu, 8 Septemba

Wiki ya tatu bila mke. Sabra yuko Pangani kwa kaka yake, Mudathir, na simu yangu hapokei. Asubuhi chai na mkate. Mchana chai na mkate. Usiku sina haja ya kuandika.

Leo nimempata mchawi wangu. Ndani ya droo ya Sabra kuna kadi: Benedikta, mshauri nasaha, ofisi ghorofani juu ya duka la vitenge. Kumbe kila Jumatano aliyosema anakwenda kwa fundi, alikuwa huko! Ndiyo maana gauni lile halikuisha tangu Aprili. Mtu baki anasikiliza mambo ya nyumba yangu, halafu mke anafunga begi. Nini tena cha kuuliza?

Nimemtafuta mtandaoni. Yumo kwenye orodha ya chama cha washauri, na picha, na vyeti. Anatabasamu! Chini yake wameandika: Una wasiwasi kuhusu mshauri huyu? Ninao, tena wa kutosha. Akifutwa kwenye orodha, Sabra atakosa wa kumjaza maneno, atarudi nyumbani Makorora.

Jumanne, 9 Septemba

Nimekwama swali la tatu la fomu yao ya malalamiko. Wewe ni mteja wake? Nikaandika: mume wa mteja. Fomu imekataa. Nimempigia katibu wa chama, bwana mmoja Laurenti, mpole mpaka anaudhi. Amesema mlalamikaji lazima awe amehudumiwa yeye mwenyewe.

Haya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeomba miadi kwa jina la bandia, Rahimu.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimekwenda na kanzu na miwani ya jua. Bi Benedikta ni mama wa makamo, amenipa maji ya kunywa. Sikuyanywa. Nilikuwa kazini.

Mtego wa kwanza: nikamuuliza hali ya Bi Sabra, nasikia anamhudumia. Angetoboa neno moja tu, ningekuwa nimemkamata kwa kutoa siri za watu. Akasema hawezi kumtaja mteja yeyote, wala kukanusha. Nikabembeleza. Nikajifanya nazimia. Akafungua dirisha.

Mtego wa pili: nikanyamaza, achoke, aropoke. Naye akanyamaza. Dakika kumi! Nikaropoka mimi.

Nikajikuta nasimulia arobaini ya mama mkwe wangu, mwezi uliopita. Turubai zangu, viti vyangu. Ndiyo kazi yangu, nakodisha. Hitma ilikuwa imekwisha, pilau inapakuliwa, watu mia mbili wamekaa kwenye viti vyangu vipya. Nafasi kama ile huja mara ngapi? Nikachukua kipaza sauti cha sheikh, nikatangaza viti na turubai. Punguzo kwa atakayeweka oda papo hapo. Nilipata oda nne!

Bi Benedikta akauliza mke wangu alikuwa wapi wakati huo. Nikasema ndani, na wanawake wenzake, analia. Akauliza kama nilikwenda kumwona. Nikasema nilikuwa naandika majina ya wateja.

Hapo kwikwi ikanishika, sijui ilitokea wapi. Nimelia, mimi Zubeiri, mtu mzima mwenye mvi! Akanisogezea boksi la tishu. Nimechukua nne za ziada kama ushahidi.

Jumatatu, 15 Septemba

Fomu imekubali. Kosa la kwanza: anatunza siri kupita kiasi. La pili: ananyamaza saa za kazi. La tatu: amemliza mtu mzima.

Jioni Laurenti amepiga simu. Kamati imesoma maelezo yangu, imeguswa, imeyaweka kwenye faili la pongezi. Nikapiga kelele kwamba yale ni mashtaka! Akanishukuru tena.

Ijumaa, 19 Septemba

Swali la yule mama halinitoki. Nilikuwa wapi, Sabra akilia?

Nimekwenda Pangani, nikavuka na pantoni hadi Bweni. Shemeji Mudathir ameitikia salamu yangu, basi. Nilikuwa na hotuba ya kurasa mbili. Sabra akatoka. Amekonda! Hotuba yote ikayeyuka. Nikasema nisamehe kwa siku ile. Kisha nikauliza mama yake alifarikije, maana siku aliyofariki mimi nilikuwa Muheza na viti. Nikanyamaza.

Amesimulia mpaka adhana ya Ijumaa. Mama aliomba uji. Sabra akaupoza, akarudi na kijiko, mama ameshaondoka. Ule uji aliumwaga mwenyewe, peke yake. Nimekaa na mwanamke huyu miaka ishirini na miwili, habari ya uji naisikia leo. Iliniuma sana.

Amesema atarudi Jumapili. Sharti moja: twende kwanza kaburini kwa mama, tusome Yasini, na nisitamke neno la biashara. Nimeapa.

Jumapili, 21 Septemba

Sabra amerudi! Alhamdulillahi!

Kutoka kituo cha basi tumekwenda moja kwa moja makaburini. Nimeng'oa majani kwa mikono yangu. Tumesoma Yasini. Alipomaliza kulia akanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hajalifanya tangu harusi. Nilijiona kijana.

Pembeni kulikuwa na ukoo mzima kutoka Mkwaja, wamekuja kumzuru babu yao. Jua kali, vikongwe wamesimama, hakuna kivuli wala pa kukaa. Roho iliniuma. Sikutamka neno, kiapo ni kiapo. Bei niliwaonyesha kwa vidole.

Njia nzima Sabra hakusema kitu. Uchovu wa safari, nadhani. Sasa yuko chumbani na simu, namsikia anaomba miadi ya Jumatano kwa Bi Benedikta, ya watu wawili.

Huyo wa pili simjui. Maskini, atakuwa na matatizo makubwa.