Waraka wa Aliye Karibu

Wananchi wa Mkoa wa Singida mnatangaziwa kuwa swali la nani ni dereva wa gari lisilo na dereva limepata jibu. Mimi ndiye katibu wa Kamati iliyolijibu, na baada ya kikao kile nililala vizuri siku mbili nzima.

Gari lenyewe huendeshwa na programu ya kompyuta. Lilikuja kufanyiwa majaribio barabara ya Mkiwa, ambako wauza kuku hulikimbilia kila gari na kuinua jogoo dirishani. Programu haikuwa imefundishwa habari za jogoo wa dirishani. Ilikwepa, ikapanda tenga la muuza kuku mmoja, Kristina, lenye kuku tisa.

Sheria hutaka dereva wa kushtakiwa, na kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Tuliiandikia programu barua tatu za wito. Haikufika wala haikutoa udhuru. Ndipo Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Emilian, akasaini Waraka Namba Moja: dereva ni binadamu aliye karibu zaidi na gari wakati wa tukio. Kila trafiki akapewa futi kamba.

Kristina alipatikana kuwa alikuwa sentimita kumi na nne kutoka kwenye gari.

"Mimi nauza kuku, baba," alisema. "Hata baiskeli sijui."

"Hilo ni kosa la pili," Mwenyekiti akamjibu. "Umeendesha bila leseni."

Kamati ikaamua awekwe mahabusu, na asiuze tena Mkiwa maisha yake yote. Ana watoto wanne na hana shamba. Nilimwonea huruma sana, nikaiandika huruma hiyo kwenye muhtasari, chini ya Mengineyo.

Jumatatu aliitwa barabarani asomewe uamuzi. Mwenyekiti akataka kwenda na gari lile lile, umma uone kuwa ni salama. Kefa, dereva wake wa miaka yote, aliomba walau akae mbele.

"Baki, Kefa. Programu haiombi ruhusa ya kwenda msibani."

Mimi nilitangulia kwa pikipiki ili nipige picha. Gari likafika, jogoo wakainuliwa. Likakwepa, likaangusha bango letu la USALAMA KWANZA, likatulia juu yake.

Trafiki Rukaiya alisogea na futi kamba.

"Shikamoo, mzee." Akapima. "Sifuri. Naomba leseni."

Mwenyekiti hana leseni. Miaka ishirini na sita ya utumishi ameendeshwa.

"Mimi ni abiria tu, binti."

"Waraka hauna abiria, mzee. Saini ni yako."

"Na yule mama je?"

Kristina alikuwa amekalia ndoo ng'ambo ya barabara, kuku wamefungwa miguu pembeni yake.

"Mita thelathini na mbili," alisema. "Nimepima tangu asubuhi."

Uamuzi juu yake haukusomwa, kwa hiyo kisheria haupo. Waraka tulijaribu kuufuta jioni ile ile, lakini hufutwa kwa saini ya Mwenyekiti, na mahabusu hawaruhusiwi kalamu. Kefa humpelekea chai kila asubuhi, kwa miguu.