Mpinzani Wangu wa Mwanza

Jamani, leo nimevuliwa nguo hadharani, na suruali nilikuwa nimevaa. Mpaka sasa masikio yanawaka moto. Nimeona niwasimulie mwenyewe kabla hamjatumiwa video, maana najua mtatumiwa tu.

Kwa msionijua vizuri, mimi ni Baba Zuhura, mtu wa Muheza, fundi wa pampu za kutoa maji kwenye mashimo ya dhahabu huku Kakola, jirani na Bulyanhulu. Mwaka wa tatu huu. Mke wangu na Zuhura wako nyumbani, mimi niko huku na pampu sita. (Zote nimezipa majina. Msiniulize.) Nina chumba, kitanda na kiti kimoja. Wali wa mtu mmoja umenishinda kupima. Napika wa watu watatu kila siku, halafu nashinda nao mpaka kesho yake.

Zuhura ana miaka kumi na tatu. Zamani nikipiga simu alikuwa anaipokea yeye, ananisimulia mpaka kuku wa jirani walivyopigana. Siku hizi maongezi yetu ni haya, sijakata hata neno:

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Huyu hapa mama."

Basi. Imekwisha hiyo, mpaka wiki ijayo.

Mama yake ndiye aliyeniambia kwamba mtoto akitoka shule yuko kwa mjomba wake anacheza gemu ya mpira. Tena anacheza na watu wa mbali, wanaongea humohumo ndani ya gemu, wanacheka, wanataniana. Nikakaa kitandani nikawaza. Kumbe mtoto ana maneno mengi! Anawapa watu asiowajua, baba yake anapewa salamu. Iliniuma, sitawadanganya.

Kwa hiyo niliposikia kuna duka Kahama mjini limeweka turubai, Jumamosi watu waje wajaribu mashine mpya ya gemu ambayo hata haijaanza kuuzwa, nikajiambia hii ndiyo njia. Nitajifunza. Halafu nitamwambia Zuhura, njoo tucheze, mimi na wewe.

Asubuhi nikaoga, nikavaa shati langu la Idi (ndiyo, la Idi, kwenda kucheza gemu) na saa tatu nilikuwa Kahama. Foleni ndefu. Wote vijana wa sekondari, mimi peke yangu nina mvi. Mbele yangu kulikuwa na mama mmoja amejitwisha beseni la karanga, anaitwa Mama Kulwa, kamsindikiza mwanawe.

"Mwangaluka," akaniamkia.

"Mwangaluka," nikamjibu. (Kisukuma changu kinaishia hapo.)

"Mtoto wako yuko wapi baba, asije akapitwa na zamu?"

"Nimejileta mwenyewe, mama."

Akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni. "Haya," akasema, akageuka mbele. Hiyo "haya" ilikuwa na mambo mengi ndani yake.

Zamu yangu ikafika. Mshereheshaji, kijana mmoja mwenye sauti ya kutangazia mnada, akaninyakua mkono. "Mzee wetu huyu hapa! Mzee, leo unacheza na mtu aliyeko Mwanza, kwenye duka letu la kule. Mpaka kuongea naye mnaongea!" Watu wakapiga makofi. Dada wa dukani akanikalisha kwenye kochi, akanipa kidude cha kushikia mikononi, vijana wanakiita pedi. Kisha akanivisha hedifoni kubwa zenye maiki inayokuja mpaka mdomoni.

Dunia ikanyamaza kabisa. Dada akaniambia kitu, midomo ikawa inacheza tu, sisikii. Nikaona nikiuliza nitaonekana mshamba. Nikamwonyesha dole gumba. Akaondoka. (Hilo dole gumba natamani kulirudisha.)

Mpira ukaanza. Kioo kikubwa kama mlango wa ghala, wachezaji wanatoka jasho kabisa. Sasa mimi nimelelewa, siwezi kuanza kumfunga mtu sijamjulia hali.

"Mambo vipi huko Mwanza?" nikasema.

Kimya.

"Habari za asubuhi?"

Kimya. Goli. Nimefungwa.

Hapo akili yangu ikafanya kazi, na ndiyo iliyoniponza. Nikajiuliza, nani anasalimiwa "mambo vipi" akanyamaza? Mtu mzima! Mzee ukimwambia "mambo" anakutazama tu mpaka ujue ulipokosea. Nimemtukana mzee wa watu ndani ya dakika moja! Nikatoka jasho.

"Samahani sana mzee wangu. Sikujua. Shikamoo."

Kimya. Goli la pili.

Nikajua amekasirika kweli. Nikamwambia, "Mzee, mimi nina arobaini na sita, wewe bila shaka umenizidi. Shikamoo." Goli la tatu. Nikaona sasa mpira si jambo la maana tena, nikaiweka pedi kwenye kochi ili niombe radhi vizuri, mikono miwili. Kule kwenye kioo wachezaji wangu wamesimama kama watu waliosahau walichokuja kufuata. Nne. Tano. Nikasema acha afunge, hasira zimtoke.

Sijui kilichoniingia. Nadhani ni ile hali ya kuwa na mtu sikioni, asiyekata simu. Nikaanza kuongea. Nikamwambia mimi ni mtu wa Muheza. Nikamwambia kuhusu pampu. Nikamwambia, "Mzee wangu, hata gemu yenyewe siijui. Nimekuja kwa ajili ya binti yangu. Zamani alikuwa ananisimulia kila kitu, sasa nikipiga anampa mama yake simu. Nimekaa mbali mno, mzee. Naogopa nikirudi atanisalimia kama mgeni."

Goli la saba.

"Sina mtu wa kuongea naye huku," nikamwambia. "Wewe ukija Kakola uliza fundi pampu, utaonyeshwa. Wali upo siku zote. Ila niitikie kwanza, mzee. Nimekuamkia mara mbili, moyo hautulii."

Kimya kile kile! Basi nikainuka. Nikasimama mbele ya kioo, nikainama mpaka maiki ikagusa shati la Idi, nikasema kwa sauti yote niliyonayo:

"SHIKAMOO MZEE WANGU!"

"MARAHABAAAAA!"

Hiyo haikutoka Mwanza. Ilitoka nyuma yangu. Ilipenya hedifoni, ikapenya na mifupa.

Nikazivua. Nikageuka. Turubai limejaa, nje wamejaa, kuna watu wamepanda juu ya pikipiki zao waone vizuri. Simu zimenyanyuliwa. Na juu, pembeni ya turubai, maspika mawili makubwa. Nikapumua kidogo tu, maiki bado iko mkononi, "hh," na maspika nayo yakafanya "hh." Ndipo nikaelewa kwamba Kahama yote ya karibu na stendi inajua habari za wali wangu.

"Binti," nikamuuliza dada wa dukani, "huyu mzee wa Mwanza amesemaje?"

Dada alikuwa anafuta machozi, nusu ya kucheka, nusu sijui ya nini. "Baba, si nilikuambia? Mtandao ulikatika kabla hujaanza. Umecheza na mashine yenyewe."

"Na maspika?"

"Tumeyaunganisha ili watu wasikie wachezaji wanavyotaniana."

Mashine. Nimeiamkia mashine mara tatu. Nimeiombea radhi. Nimeikaribisha chakula!

Mshereheshaji hakuwa na sauti tena, amekaa chini anajishika mbavu. Mama Kulwa ndiye aliyesogea, na beseni lake kichwani. "Baba wee," akaniambia, kwa upole kabisa, "ungeiamkia Kisukuma. Huenda Kiswahili haikijui." Turubai likalipuka upya. Akanichotea karanga, akanikunjia kwenye gazeti, akanitia mkononi. "Kula. Usikonde."

Nikatoka hapo natazama vidole vya miguu. Njia nzima ya kurudi sikuinua uso. Nilipofika Kakola, wachimbaji wa shimo la tatu walikuwa wameshaiona video. Mmoja akaniinamia mpaka chini. "Shikamoo mashine!" Nikapita kama sijasikia. Nikajifungia chumbani, nikakaa kwenye kile kiti, na kwa kweli nililia kidogo. Haikuwa kwa sababu ya kuchekwa, huko nimezoea. Ni kwamba neno ambalo sijawahi kumwambia hata mke wangu nimeliambia mashine, na mashine ikanifunga magoli saba.

Saa kumi simu ikaita. Namba ya Mama Zuhura. Nikaiangalia, nikajua ndiyo mwisho wangu. Nikapokea.

Sikusikia salamu. Nilisikia mtu anacheka mpaka pumzi inakatika.

"Baba! Baba jamani! Umeiamkia kompyuta!"

"Nilidhani ni mzee."

Akaanza tena. Alicheka, akatulia, akasema "niitikie kwanza, mzee" kwa sauti yangu hasa, akacheka tena. Sijamsikia akicheka hivyo tangu alipong'oka meno ya mbele. Mimi nimekaa tu, simu nimeibana sikioni, sitaki hata kukohoa.

Kisha akashusha sauti.

"Baba, ulisema huwa nampa mama simu."

"Nilisema."

"Kila mtu kaisikia."

"Ndiyo mwanangu. Nisamehe."

"Huwa sijui niseme nini. Unaniuliza hujambo, nakwambia sijambo, halafu basi."

"Hata mimi huwa sijui," nikamwambia. Na ni kweli, sijui. Pampu naziongelesha saa nzima, mwanangu nashindwa.

"Kwanza unashika pedi kama umeshika sufuria la moto," akasema. "Kidole gumba cha kushoto ndicho kinakimbiza, cha kulia kinapiga. Unaelewa?" Nikasema naelewa. Sielewi chochote. Nikamwambia arudie, akarudia. Nikamwambia arudie tena, akaniita kichwa maji, akarudia. Salio lake likaisha akiwa katikati ya kunieleza kona inapigwaje, nikampigia mimi, tukaendelea.

Sasa hivi ameenda kuoga. Chumba kimetulia tena, wali upo jikoni, wa watu watatu kama kawaida. Ameniambia kesho saa nne nimpigie, kuna habari ya penalti.

Kwa hiyo ndugu zangu, video mkitumiwa, tazameni, ila nawaomba msinicheke. Kicheko cha leo kina mwenyewe, na yuko Muheza.