Matumizi ya Kwanza ya Mtaa wa Bwera

Ilitangazwa rasmi, kwa kipaza sauti kilichofungwa kwenye bodaboda, kwamba Mtaa wa Kale wa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, umekamilika kujengwa upya, na kwamba kuanzia siku hiyo utakuwa na hali moja tu: utulivu.

Zedekiah, Mratibu Mkuu wa Mandhari ya Kihistoria, alikuwa ameuona mtaa wa namna hiyo kule Kasese. Kuta nyeupe, milango imefungwa, watalii wa hifadhi ya Mweya wanapiga picha makufuli. Hata mbwa walibweka kwa adabu. Lakini huu wa Bwera, loo! Rangi haijakauka, tayari umejaa maharage ya Kyarumba, wabadilisha fedha na wanawake wanaocheka ovyo. Historia ilikuwa ikiharibiwa na watu walio hai, na jambo hilo lilimuuma kwelikweli.

Akatoa agizo: kila chumba na kila baraza lirudi kwenye matumizi yake ya kwanza, bila kujali cheo cha anayelitumia. Fomu ya kuthibitisha matumizi hayo ijazwe, wazee wawili watie dole gumba, la sivyo mtu ahame kabla ya Ijumaa, siku ya mgeni rasmi kutoka Kampala.

Jeanine, muuza vitenge kutoka Butembo, ng'ambo ya Kongo, alikuja na fomu yake. Baraza alilouzia ndilo lililolisha watoto wake wanne.

"Mukubwa, tangu banajenga hii nyumba, apa banauzishaka bitambaa. Bazee beko, ubaulize."

Zedekiah hakuuliza, wala hakusoma. Mtu mwenye shahada hasomi fomu za sokoni, hugonga muhuri. Aligonga arobaini kabla ya chai.

Ijumaa asubuhi alikuta ofisini mwake mbuzi kumi na mmoja. Mmoja wao alikuwa anamalizia kutafuna hotuba ya makaribisho.

"Nini hii?" akafoka.

"Hapa ilikuwa zizi ya gombolola, ile serikali ya kata, ssebo," akasema Yosamu mchinjaji. "Zamani mbuzi ikikamatwa kwa shamba ya mutu, inafungwa hapa. Fomu iko. Muhuri ni yako."

Bila kujali cheo. Maneno hayo aliyatunga mwenyewe, na alikuwa ameyapenda sana. King'ora cha mgeni kilishasikika. Akabeba meza yake kichwani, tai imepinda shingoni, hadi barazani kwa Jeanine, penye kivuli na wateja.

"Mama, nisogezee nafasi kidogo."

Jeanine akamtazama tangu viatu hadi meza.

"Apa banaikalaka benye banauzisha, Mukubwa. Weye unauzisha nini?"